Ukifika Lamu Mfungo Sita

Msomaji, huenda ile kalenda iliyotundikwa sebuleni mwako isikwambie lolote kuhusu sherehe hii. Maulidi ya Lamu hufuata mwezi mwandamo, siku za mwisho za Mfungo Sita, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu una upungufu wa siku 11 hivi, kila mwaka huja mapema kuliko uliotangulia. Ndiyo maana watu wa Nairobi waweza kupanga likizo ya ufuo na ngome, wakashuka gatini na kukuta mji umefurika pomoni.

Hivyo ndivyo yalivyotukuta sisi, watu watano, watatu wao watoto. Mokowe, mwisho wa basi, boti ilijaa wazee wa kanzu na kofia zilizodariziwa kwa mkono, na kina mama wa buibui waliobeba watoto na vyungu. Hatukushuku kitu. Nyumba ya kwanza ya wageni ilikuwa imejaa, ya pili vilevile, na ya tano mwenyewe alicheka tu. Jua linatua, kitinda mimba anasinzia juu ya begi, na boti za kurudi bara zinakaribia kwisha.

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi vya karai alitutazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwalala wapi na watoto hawa?" Tulipokosa jibu, akamwita mwanawe aje kuchukua mizigo. Usiku huo tulilala kwenye dari ya nyumba yake, juu ya mikeka, pamoja na wageni wengine waliotoka Malindi na Tana. Asubuhi alikataa katakata pesa zetu. Sukari aliipokea, tena kwa kubembelezwa.

Ukitaka kuelewa ukarimu huo, yafaa umjue Habib Swaleh. Huyu Sharifu alizaliwa Ngazija akahamia Lamu karne ya 19, naye pia alikuwa mgeni. Wakati huo elimu ya dini ilikuwa mikononi mwa koo za wakubwa. Yeye alikaa Langoni, pembezoni mwa mji wa mawe, akawafundisha watumwa na wazao wao, watu ambao hakuna aliyewafungulia mlango. Maulidi aliyoyaeneza, yaliyotungwa Hadhramaut, yalisomwa kwa matwari, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa wa mji. Alifariki 1935. Msikiti wake wa Riyadha ndio kitovu cha sherehe hadi leo, na sherehe ya wale waliofungiwa nje imekuwa ya mji mzima.

Lakini watoto, bila shaka, watataka kwanza punda. Mashindano hufanyika ukingoni mwa maji. Vijana hupanda bila tandiko na kutimua mbio huku umati ukiwapisha kwa kelele. Tulimwona punda mmoja akigoma katikati ya njia, akageuka, na kurudi alikotoka na mpanda farasi wake, samahani, mpanda punda. Huyo ndiye aliyeshangiliwa kuliko mshindi. Kuna pia mashindano ya mashua, ya kuogelea na ya bao.

Jioni, ukifuata ngoma utakuta kirumbizi: wanaume wawili wenye fimbo wakizungukana katika duara la watu, zumari ikilia, kila mmoja akitafuta nafasi ya kumgusa mwenzake. Goma ni jambo jingine kabisa. Wazee wa kanzu nyeupe husimama safu moja, bakora mikononi, wakiyumba polepole kama mashua zilizofungwa. Kijana wetu wa sekondari alisema inachosha, kisha akasimama pale saa nzima.

Siku ya mwisho ni zefe. Watu huzuru kaburi la Habib Swaleh, halafu huandamana kwa matwari na kasida kuelekea Riyadha. Njia za Lamu ni finyu, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, basi jibanze ukutani na uwashike watoto mikono.

Kumbuka kwamba hii ni ibada. Mabega na magoti yafunikwe, viatu vivuliwe mlangoni, na kamera isitolewe kabla ya kuomba ruhusa, hasa penye wanawake. Usiichanganye na lile tamasha la utamaduni ambalo kwa kawaida huandaliwa Novemba.

Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu siku hizi ina lami, ila uliza hali ya usalama kabla ya kuondoka. Wasiopenda basi hupanda ndege hadi Manda, kisha huvuka kwa boti. Chumba kitafute wiki kadhaa mapema, na tiketi ya kurudi ikate kabla ya zefe, kwani kesho yake kila mtu huwa Mokowe akigombea kiti.