Kinachoshika Picha ya Nyanya

Endapo likizo itakupeleka Migori na Homa Bay, sehemu ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, usipite mbio. Kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Migori zipo kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Zilijengwa karne nyingi zilizopita bila saruji wala udongo. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa kuzifunga pamoja. Wageni hupiga picha mawe makubwa. Yanayoushikilia ukuta ni hayo madogo.

Sasa panda matatu kupitia Rongo hadi Homa Bay, ufuoni mwa ziwa, nasi tutazame vitu vingine vidogo vishikavyo vikubwa: visumari vya fremu.

Sebuleni mwa nyumba nyingi za huku utaona picha za wazee na marehemu zimetundikwa juu ukutani. Aghalabu picha ni hiyo moja tu. Negativu yake ilipotea zamani. Basi ukimpelekea fundi picha ya nyanya, au dani kama wasemavyo wenyeji, usichague fremu kwa rangi yake ya dhahabu. Igeuze uone mgongo.

Kioo hutangulia, ikafuata picha, kisha hadibodi. Vyote hushikwa na visumari vyembamba vilivyopigwa vikalala, nusu ndani ya mti wa fremu, nusu ikikandamiza hadibodi. Mwambie fundi aweke kimoja kila baada ya upana wa vidole vinne. Wako wanaobandika picha kwa gundi kwa kuwa ni kazi ya haraka. Mimi siwaungi mkono, maana siku kioo kikivunjika hutaitoa bila kuichana. Tena hewa ya ziwani ina unyevu, na picha inayogusana na kioo hunata hata uso wa mtu ukabanduka. Ukanda wa kadibodi safi pembeni, kati ya kioo na picha, huzuia balaa hilo. Nyuma, utepe wa karatasi uzibe mianya, mende wasipate makao.

Kabla hujalipa, itikise kidogo karibu na sikio. Kioo kikilia, mwombe fundi akuongezee visumari, kwani matatu ya kwenda dala itaitikisa zaidi ya hapo.