Maua ya Altareni

Akina mama wenzetu, sisi tunaopamba kanisa hapa Naivasha hununua mawaridi kila Jumamosi. Arusi bila maua, watu husema. Mazishi bila shada, husema zaidi. Basi tunanunua, na Jumatatu tunatupa.

Dada mmoja wa kwaya, mchumaji wa maua, alikuja kliniki viganja vimechubuka, macho yanamwasha. Aliingizwa shambani dawa ya wadudu haijakauka. Tulimwambia apumzike. "Sista, nikipumzika, karo italipwa na nani?"

Maua hayo hunywa maji ya ziwa letu, lililoingizwa mwaka 1995 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yanayostahili kutunzwa. Lakini Machi 2020, ndege za Ulaya ziliposimama kwa sababu ya korona, maua yalitupwa na wachumaji wakarudishwa nyumbani. Njaa tuliiona.

Tukaanza kupamba altare kwa mimea ya vyunguni. (Wazee walinung'unika.) Dada yule alipotaka kuolewa, tulimwahidi maua ya bustanini kwetu. Akakataa.

"Nimeyachuma mawaridi miaka sita, sijapewa hata moja."

Tulikwenda kununua.