Giheke: Penye Vilima, Goti Ndilo Mtaji

Giheke ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, si mbali na mji wa Kamembe na Ziwa Kivu. Zamani ilikuwa katika mkoa wa Cyangugu. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 imo katika Mkoa wa Magharibi. Mgeni afikaye huko huona vilima vikifuatana kama mawimbi, vimevikwa migomba, mihogo na mibuni. Penye tambarare ni pachache.

Katika nchi ya namna hii, goti ndilo mtaji wa kwanza wa mkulima. Kupanda mlima huchosha pumzi, lakini kushuka ndiko kuelemeako magoti zaidi, maana misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuuzuia mwili usiporomoke. Mkungu wa ndizi kichwani huongeza mzigo huo, na jembe la mpini mfupi huukunja mgongo kwa saa nyingi. Miaka ikipita, goti huuma, kiuno hukaza, na mwenye shamba hushindwa kulifikia.

Wengi, maumivu yaanzapo, hujilaza na kungoja. Hapo ndipo penye kosa. Gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake katika ute wa kiungo, nao husukumwa ndani kwa mwendo. Kiungo kisichotumika hukosa chakula hicho na misuli inayokishika hulegea. Pumziko la siku chache hufaa. La miezi huleta ulemavu.

Rwanda ina ushahidi wake. Barabara itokayo Rusizi hupita katika msitu wa Nyungwe na Huye, ikafika wilaya ya Nyanza, iliko Gatagara. Hapo, mwaka 1960, Padri Joseph Fraipont Ndagijimana alianzisha makao ya watoto wenye ulemavu. Kwa tiba ya mazoezi, magongo na vyuma vya miguu, watoto waliokuwa wakitambaa walisimama na kwenda shule.

Mkulima wa Giheke na askari wa doria waweza kuanza nyumbani. Mtu aketi kitini, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi 5, aushushe polepole. Arudie mara 10 kwa kila mguu. Kisha ainuke na kuketi mara 10 bila kujishika. Mzigo mzito augawe safari mbili, na mteremkoni ashike fimbo. Aliyenenepa apunguze uzito: kila kilo 1 ipunguayo huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Maumivu yakidumu hadi kesho yake, apunguze zoezi, asiliache.

Lakini kiungo kilichovimba na kuwa cha moto pamoja na homa, au mguu usiokanyagika baada ya kuanguka, si wa mazoezi. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.