Mkono Wauma, Nashika Shingo

Wagonjwa wengi wa mkono niliowapokea katika chumba cha fiziotherapia, Dar es Salaam, walikuwa wameshapita kwa mchuaji. Mkono umekandwa kwa mafuta ya nazi kuanzia begani hadi kiganjani, na ganzi ipo palepale. Nikiwashika shingo wananishangaa. Mzee mmoja, fundi cherehani, aliniuliza: "Mwanangu, mimi nimekwambia mkono, wewe shingoni unatafuta nini?"

Nikamwomba anionyeshe kidole kinachokufa ganzi. Akainua cha kati. Hapo nikaishuku neva ya saba ya shingo, maana kila neva ina eneo lake: ya sita hushukia dole gumba, ya nane kidole cha mwisho. Pingili za shingo ni 7, neva zake jozi 8. Hesabu hiyo ilinitoa jasho chuoni. Nikaona pia kwamba muda wote kiganja amekiweka utosini. Wengi hufanya hivyo bila kufundishwa, kwani mkono ukikaa juu neva hulegea. Nikamwinamisha kichwa upande unaouma na kukandamiza kidogo, kipimo walichokieleza Spurling na Scoville mwaka 1944. Akaguna.

Tiba yenyewe haina mbwembwe. Mgonjwa analala chali, mkono umetulia tumboni. Unakipakata kichwa kwa viganja viwili na kuisogeza shingo kuelekea upande usiouma, polepole, inakwenda na kurudi. Ni mbinu tuliyoachiwa na Robert Elvey wa Australia. Wanaongoja shingo ilie "kwa!" kama kwa kinyozi huondoka wamenuna. Shingo yenye neva iliyobanwa mimi siivunji, na vinyozi nao nawaomba waache.

Sijidai kuwa mikono yangu huponya. Maumivu haya mara nyingi hupoa yenyewe baada ya wiki au miezi. Sisi tunapunguza makali ili mtu apate usingizi, kisha mazoezi. Yule fundi alikubali kuinua meza ya cherehani kwa matofali, ila kwa shingo upande.

Wapo nisiowagusa kabisa. Mama mmoja alishindwa kufunga vifungo vya sare ya mjukuu wake, na akitembea anayumba. Shingo haikumuuma hata kidogo. Hiyo si neva moja tena, ni uti wa mgongo unaobanwa. Nilimwandikia rufaa siku hiyohiyo aende kwa madaktari wa upasuaji, naye akanigombeza kwamba nimempotezea nauli.