Hewa Iliyonaswa Katika Rejeta

Sisi tukaao Leicester twajua baridi ya Januari iwaoneavyo wazee. Bibi mmoja jirani yetu alilala kwa mablanketi matatu akidhani boila imeharibika. Kumbe rejeta yake ya ukutani ilikuwa moto chini, baridi juu. Hiyo ni hewa iliyonaswa, nayo huyazuia maji ya moto yasifike juu. Tukazima boila, tukangoja mabomba yapoe (maji yale huunguza), tukakinga bakuli, tukalegeza kizibo cha juu kwa ufunguo wake mdogo. Hewa ikatoka ikilia kama nyoka. Maji yalipofuata mfululizo, tukakaza. Boila ikiwa imepoa, kipimo chake kisome kati ya 1 na 1.5, kikipungua, maji huongezwa. Hewa ikirudi kila wiki, mwiteni fundi, kwani kutu ilapo chuma ndani huzaa hewa nyingine.