Petroli, Hewa na Usingizi wa Dada Yangu

Wako watu wengi wanaodhani kwamba ndege haiwezi kutoka mahali pengine ila katika kiwanda kikubwa chenye maelfu ya wafanyakazi. Nchini Marekani sivyo. Sheria ya huko humruhusu mtu kujiundia ndege yake mwenyewe, maadamu zaidi ya nusu ya kazi imefanywa kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha, wala si kwa biashara. Mkaguzi akisharidhika, ndege hiyo hupewa cheti cha ndege ya majaribio. Chama cha waundaji hao kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, na tangu mwaka 1970 mkutano wao mkuu hufanyika katika mji wa Oshkosh, katika jimbo hilo hilo.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu na kupata cheti, na ndege nilizijua kwa kuziona zikitua Entebbe tu. Katika habari hizi niliingia kwa mlango wa ujamaa. Mume wa dada yangu mkubwa, ambaye zamani alikuwa fundi wa magari ya jeshi, anaishi Wisconsin, naye ameunda ndege ya watu wawili, aina ya RV-6, katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Mwezi wa Julai mwaka 2023 nilichukua likizo yangu nikaenda kuwaona, nikaikuta ndege imekwisha kuruka mara kadhaa, na dada hapati usingizi.

Injini aliyoitia shemeji si ya ndege. Ni ya gari la Mazda RX-7, ile iitwayo 13B. Haina pistoni zinazopanda na kushuka, wala haina valvu. Ndani yake mna rota mbili zenye pembe tatu, mfano wa sambusa iliyofura ubavuni, kila moja ikizunguka katika chumba chake, nazo kwa pamoja huuzungusha mhimili mmoja ambao huenda mizunguko mitatu kwa kila mzunguko mmoja wa rota. Aliyeanzisha fikira hiyo ni Mjerumani Felix Wankel, na injini ya kwanza ya namna hiyo iliwashwa mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Wajapani wa Mazda walianza kuuza gari lao la Cosmo Sport mwaka 1967, na mwaka 1991 gari lao lenye rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, huko Ufaransa. Waundaji wa ndege huipenda kwa sababu ni ndogo, haitetemeki, ina vyuma vichache vinavyokwenda, na iliyokwisha kutumika hupatikana kwa bei iliyo chini sana ya bei ya injini ya ndege. Kasoro zake ni kwamba ina kiu ya petroli, moshi wake hutoka na joto kali mno, na haivumilii mchanganyiko mbaya wa petroli na hewa.

Habari ya mchanganyiko, kila mama aliyepata kupikia jiko la mafuta ya taa anaijua bila kuambiwa. Utambi ukipandishwa mno, moto huwa wa manjano, sufuria hujaa masizi, na mafuta huisha kabla ya maharage kuiva. Ukishushwa mno, moto hurukaruka na kuzimika. Katikati pana mahali ambapo moto ni wa buluu na umetulia. Injini nayo ni hivyo hivyo. Mchanganyiko wenye petroli nyingi shemeji huuita mzito, na wenye petroli kidogo huuita mwepesi. Kwa uzani, kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili vyote viungue pasibaki kitu. Anayetaka nguvu nyingi, kama wakati wa kuondoka uwanjani, huipa injini hewa pungufu, kilo 12.5 hadi 13. Na anayekwenda taratibu angani akitaka kubana matumizi huweza kufika kilo 16. Mchanganyiko mzito kupita kiasi hula fedha na kuchafua plagi. Ubaya hasa uko katika mchanganyiko mwepesi wakati injini imebeba kazi nzito: petroli hulipuka ghafla badala ya kuungua kwa utaratibu, injini hugonga, na zile sili nyembamba za chuma zilizo kwenye pembe za rota huvunjika. Mwenye gari hapo huegesha kando ya barabara.

Gari lenyewe lilikuja na kompyuta yake ya kiwandani, lakini hiyo ilifunzwa tabia za barabarani. Ndege hufanya kazi nzito kwa saa nzima bila kupumzika, tena hupanda mahali ambapo hewa ni haba. Hata hapa kwetu Entebbe, penye kimo cha mita zipatazo 1,150 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni takriban sehemu 88 katika kila 100 za ule wa pwani. Kwenye mita 3,000 hubaki kama sehemu 70. Kwa hiyo waundaji wengi hutia kompyuta nyingine ambayo wao wenyewe huijaza hesabu. Ndani yake mna jedwali, nami nilipolitazama nilidhani naona daftari langu la mahudhurio: kwa upande mmoja mwendo wa injini, kwa upande mwingine mgandamizo wa hewa inayoingia, na katika kila chumba namba inayoiambia injekta ikae wazi kwa muda gani. Vyumba ni vingi, na kila kimoja kikikosewa, ipo siku rubani atapita juu yake.

Siku hiyo ilifika ndege ilipokuwa katika saa ya 7 ya majaribio. Sheria ilitaka ndege yenye injini ya namna hii iruke saa 40 katika eneo maalumu, bila abiria, ndipo iruhusiwe kuchukua mtu mwingine. Mimi na dada tulisimama kwenye uzio. Shemeji alikuwa akizunguka juu ya uwanja, kiasi cha mita 900, makusudi ili injini ikimwacha mkono aweze kuteremka palepale. Alipopunguza mafuta ili ashuke, injini ilikohoa mara mbili tatu, ikanyamaza kwa kitambo cha kuvuta pumzi, kisha alipoongeza mafuta ikarudi. Alitua salama. Dada hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Shemeji, kama waume wengi waliopita jeshini, alisema kuwa ni jambo dogo. Jibu hilo halijapata kumlaza mke yeyote usingizi, na wasomaji wa ukurasa huu ambao wenzao hulala lindo wanalifahamu vizuri. Dada ni muuguzi. Kazi yake ni kusoma karatasi za homa usiku kucha. Akamwambia: "Baba Watoto, sikukatazi kuruka. Lakini funguo nitakaa nazo mimi mpaka unieleze, kwa lugha yetu, ni kitu gani kilichokohoa."

Basi tuliketi mezani sote watatu, chai ikapoa. Injini ile ina injekta nne. Mbili hufanya kazi wakati wote, na nyingine mbili huamka pale tu kazi inapozidi. Kompyuta huwa na kumbukumbu ya kila kilichotokea angani, na kumbukumbu hiyo ilionyesha kwamba kikohozi kilitokea palepale ambapo nne zilikuwa zikikaribia kurudi kuwa mbili. Kabla ya hapo mchanganyiko ulikuwa mwepesi, na baada ya hapo ulikuwa mzuri. Kwa nini?

Hapo ualimu wangu ulinifaa. Injekta ni mlango mdogo unaofunguliwa kwa umeme, nao hauamki papo hapo. Huchukua kama sehemu 1 ya elfu ya sekunde kabla ya petroli kupita. Tuseme injekta 2 zimeamriwa kukaa wazi sehemu 4 za elfu ya sekunde. Toa 1 ya kuamka, zinabaki 3. Mara injekta 2, ni 6. Sasa kazi igawanywe kwa injekta 4, kila moja ipewe nusu ya muda, yaani 2. Toa 1 ya kuamka, inabaki 1. Mara 4, ni 4. Amri ni ile ile, lakini theluthi ya petroli imepotea njiani. Dada alizifuata namba zile kwa kidole, akauliza: "Na hicho kitambo cha kuamka, kwenye kompyuta umekiandika ngapi?"

Shemeji akafungua kompyuta. Injekta zile zilikuwa zimetoka katika gari jingine, lakini namba ya kuamka ilikuwa bado ya zile za zamani, nusu tu ya iliyotakiwa. Pengo lake halikuwa kubwa kama la mfano wangu wa ubaoni, ila lilitosha.

Dada hakuishia hapo. Kompyuta ikifa? Ipo ya pili, na swichi yake iko mbele ya rubani. Pampu ya petroli ikifa? Ipo ya pili. Umeme wote ukikatika? Shemeji akanyamaza, kwa maana injini hii bila umeme haina petroli wala cheche, na betri ya pili ilikuwa imeandikwa katika orodha ya mambo ya baadaye. Ilinunuliwa wiki ile ile, na mimi ndiye niliyeibeba kutoka dukani. Nimewahi kuona wakaguzi wa ofisi wakiuliza maswali mengi kuliko yake, lakini sikumbuki waliouliza yaliyo makali zaidi.

Kurekebisha kulituchukua siku mbili. Mkia wa ndege ulifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya saruji, magurudumu yakazuiwa kwa magogo, na watu wote wakakaa mbali na rafadha. Injini haikuruhusiwa kunguruma zaidi ya dakika chache, kwa sababu ndege iliyosimama haipati upepo wa kutosha kupoza maji yake. Tulianza upande wa mzito, ambao hauvunji kitu, tukipunguza kidogo kidogo. Namba moja ilibadilishwa, tukangoja, nikaandika. Ndipo ya pili. Katika bomba la moshi mna kipimo cha oksijeni kinachosema mchanganyiko ulivyo. Petroli ya kawaida ya ndege ndogo huko ina risasi, nayo (hapa nasema madini, si ile ya bunduki) hukiua kipimo hicho baada ya muda. Kwa hiyo shemeji alitumia petroli ya magari isiyo na risasi, akaichanganya na mafuta kidogo ya injini za mipigo miwili ili zile sili zipate ulaini. Dada alishika zamu ya kutazama joto la maji na kutoa amri ya kuzima. Alizima mara nyingine mapema kuliko mumewe alivyotaka, wala hakubishiwa. Tulipomaliza, kipimo kilisoma sawasawa, injekta ziwe mbili au nne.

Funguo zilirudishwa siku ya tatu asubuhi. Shemeji aliruka, akashusha mafuta mara kumi juu ya uwanja, akipita juu ya mahali pale pale, na injini haikukohoa. Niliondoka Wisconsin ikiwa imetimiza saa 12.

Saa 40 zilitimia mwezi wa Oktoba, nami nimekwisha kurudi ofisini. Dada aliniandikia barua kuhusu siku aliyoketi kiti cha kulia kwa mara ya kwanza. Kabla ya kuondoka ardhini aliomba aonyeshwe swichi ya kompyuta ya pili, akaijaribu kwa mkono wake. Walipofika mita 2,400, shemeji alizungusha kile kitufe cha mchanganyiko taratibu kuelekea wepesi mpaka sauti ya injini ikabadilika, akarudisha kidogo, na yeye akaandika: kutoka lita 36 kwa saa hadi lita 30. Alinakili namba zote nyuma ya barua, ili nizikague. Akaongeza kwamba baridi ya huko juu ni kali, na nikienda tena nimpelekee blanketi.