Duka Lililofungwa Siku ya Krismasi

Bila shaka, msomaji, umepata kuona duka mkesha wa sikukuu, wateja wamejaa hata mwenye duka hajui amjibu nani. Fikiri sasa kwamba umati ule umeingiliwa na watu wasio na haja ya kununua, ila kuziba mlango tu. Hayo ndiyo yaliyolifika duka la Steam tarehe 25 Desemba 2015. Ni duka la kampuni ya Valve ya Marekani, nalo huuza michezo ya kompyuta kwa njia ya intaneti. Maombi ya uongo yaliyotumwa kusudi yalizidisha msongamano kwa asilimia 2,000 juu ya wastani wa siku zile za bei nafuu.

Duka kama hili huwa na wasaidizi wawekao nakala za kurasa, ili wateja elfu watakao ukurasa mmoja wasimwendee mwenyewe mara elfu. Kwa ukurasa wa bei, desturi hii ni njema. Lakini katika haraka ya kujihami, wasaidizi walipewa amri yenye kosa, wakaweka hata nakala za kurasa za faragha, na kumpa huyu za yule. Mtu alifungua hesabu yake akakuta anwani ya mgeni na orodha ya manunuzi yake! Watu wapatao 34,000 waliingia katika hatari hiyo.

Valve ikafunga duka. Wengi waliudhika, mimi naona ndilo tendo la busara kuliko yote ya siku ile. Lakini maelezo kamili yalitolewa tarehe 30, na kukawia huko siwezi kukusifu.